Ombi la Kucheleweshewa Mume

Kwa Ndugu Mkurugenzi Mkuu wa Bandari,
Ofisi ya ghorofani, ile yenye dirisha linalotazama makreni.

YAH: MALALAMIKO YA KURUDISHIWA MUME KABLA YA WAKATI, NA OMBI LA KUPUNGUZA KASI YA BANDARI

Ndugu Mkurugenzi,

Kwanza nakujulia hali wewe, mkeo, na jeshi lako zima la kofia ngumu. Sisi huku bara hatujambo, isipokuwa mimi.

Mimi ni fundi cherehani. Nashona sare za shule na mapazia, na kwa majirani waungwana nabadilisha zipu. Hatujawahi kuonana, lakini sura yako naijua vizuri, maana tangazo lako limebandikwa kwenye nguzo ya umeme mbele ya nyumba yangu. Umesimama mbele ya meli, umekunja mikono, umetabasamu. Chini ya picha mmeandika kwamba bandari yako sasa inatoa mzigo haraka kuliko bandari ile nyingine, na kwamba mwenye maoni asisite kuandika. Nimesita miezi minne. Leo sisiti tena, na ukiona mwandiko umelala upande, ujue ni hasira, si ulemavu.

Nijieleze kwanza nisije nikaonekana mwehu. Mume wangu ni dereva wa lori la makontena. Wenzake humwita Taratibu, kwa kuwa hajawahi kulipita gari la mtu ila kwa kuombwa. Tuna miaka kumi na tisa ya ndoa na binti mmoja, na katika miaka yote hiyo tuliishi kwa mpango mmoja: siku ishirini na moja safarini, siku nne nyumbani. Siku ya kwanza analala. Ya pili anakula. Ya tatu anasimulia. Ya nne anafungasha, nami naanza kumkumbuka kabla hajawasha gari. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi jembe sikuwahi hata kulinunua. Majirani walikuwa wakija kuniuliza siri ya ndoa yangu, nami nikijifanya mtaalamu, nawaambia uvumilivu. Uvumilivu wapi! Siri ilikuwa bandari yako.

Hebu tuhesabu pamoja. Kushuka pwani lori tupu, siku mbili. Kupanda na mzigo, siku tatu. Hizo tano zilikuwa za barabara. Zile kumi na sita zilizobaki, Ndugu Mkurugenzi, zilikuwa zako. Zilikuwa za foleni ya getini, za mhuri uliosahauliwa, za faili lililoonekana mara ya mwisho mezani kwa mtu aliyekwenda msibani. Nyinyi mlidhani mnatesa wateja. Kumbe mlikuwa mnalea ndoa.

Kisha mkaanza kushindana. Bandari ile nyingine ikapanua barabara yake. Wewe ukaleta makreni mapya. Wao wakafungua geti Jumapili. Wewe ukaweka kompyuta, na faili halipotei tena hata ukilitupa. Wao wakawajengea madereva bafu la maji ya moto. Basi hapo, sijui nani alikutia maneno, ukavuta reli kutoka gatini mpaka mjini kwetu, na ukajenga bandari kavu nyuma ya uwanja wa mpira, hatua mia mbili kutoka dirisha langu. Walisema haraka haraka haina baraka. Naona waliosema hivyo hawakualikwa kwenye uzinduzi.

Sasa makontena yanakuja kwa treni, na lori la mume wangu linayapokea hapo hapo uwanjani na kuyapeleka kwenye maghala ya ng'ambo ya mji. Kilomita kumi na moja. Dakika arobaini, na hizo ni kwa sababu yeye hampiti mtu.

Baada ya maelezo hayo, malalamiko yangu ni kama ifuatavyo.

1. Mume yupo. Anaondoka saa moja asubuhi, saa saba mchana yuko mlangoni, anakula, anatoka, saa kumi na moja jioni yuko mlangoni tena. Mzima kabisa. Kila siku. Wiki ya kwanza nilidhani ni likizo. Ya pili nikadhani amefukuzwa kazi na anaona haya kusema. Ya tatu nikamuuliza kwa adabu zote anaondoka lini, akanitazama kama mwenye nyumba aliyeulizwa kodi na mpangaji. Hapo ndipo alipotoa tangazo lako mfukoni, limekunjwa mara nne, akanisomea mpaka mwisho. Analipenda. Anasema siku hizi bara na pwani ni pua na mdomo. Ndugu Mkurugenzi, pua na mdomo vina nafasi yake. Hata Mungu hakuviunganisha.

2. Ukaguzi. Dereva mzuri hazungushi ufunguo kabla hajalizunguka gari lake na kuyapiga matairi teke, mojamoja. Mume wangu ni dereva mzuri. Sasa kila asubuhi anaizunguka nyumba. Anapiga teke kona nne za ukuta, anasikiliza, anatikisa kichwa. Akimaliza anaingia ndani. Meza amepiga. Kabati amepiga. Jumanne ya juzi alipiga mguu wa cherehani ikiwa inatembea, sindano ikakatika ndani ya kola ya mtoto wa watu. Na miguu ya kitanda ameiwekea vigingi vya mbao nyuma na mbele, akisema chumba kina mteremko. Mteremko upo, sikatai. Nimelala juu ya huo mteremko miaka kumi na tisa na sijawahi kuamkia mlangoni.

3. Foleni ya bafu. Nyumba zetu ni mbili katika ua mmoja: kulia sisi, kushoto mama mkwe wangu. Bafu ni moja, la pamoja, na tangu tujenge hakuna aliyegombana na mtu kwa ajili yake. Mume wangu aliona ni fujo. Huko kwenu getini, kila lori lilikuwa likiandikwa namba kwa chaki ili asitokee mjanja wa kuchomeka. Basi naye amenunua chaki. Kila jioni anaandika mlangoni mwa bafu zamu za kesho. Namba moja, binti yetu, kwa kuwa mwanafunzi ni mzigo unaoharibika. Namba mbili, mama mkwe, kwa heshima. Namba tatu, dereva. Namba nne, mimi. Niliuliza ni kwa sheria gani mwenye nyumba awe wa mwisho. Akanijibu bila kucheka kwamba mimi ni mzigo mkavu, nikikaa siharibiki. Nilikwenda kushona, nikashona mfuko wa suruali upande wa nyuma ya goti.

4. Sukari. Hili linaniuma, nitaliandika polepole. Mwezi wa pili wa kurudishiwa mume, tukiwa tunakunywa chai ya asubuhi, aliweka kikombe chini akaniambia, kwa upole wake ule, kwamba chai yangu ina sukari nyingi. Nikasema samahani, labda leo mkono umeteleza. Akasema hapana, ni nyingi tangu siku ya kwanza. Tangu siku ya kwanza! Vijiko vitatu, miaka kumi na tisa, na hakuwahi kufungua mdomo, kwa sababu siku nne si nyingi, na mtu akikaribishwa hachagui. Nilikuwa namkaribisha mgeni kumbe, si mume.

Kesho yake nikamtilia vijiko vinne. Ndiyo, kwa kusudi. Sijutii.

Hapo akaleta sili. Unazijua, ni zile za plastiki zenye namba, za kufungia turubai ili mzigo usichokolewe njiani. Alikuwa na fungu zima lililobaki tangu enzi za safari ndefu. Akafunga kabati la sukari kwa sili, akaandika namba yake kwenye daftari la safari, akanisomea sheria: sili haikatwi mpaka aliyefunga na anayepokea wawepo wote wawili. Tangu siku hiyo, kila asubuhi tunasimama mbele ya kabati kama tuko forodhani. Yeye anasoma namba, mimi nathibitisha, yeye anakata, mimi napima kijiko kimoja chake na vitatu vyangu, yeye anafunga sili mpya. Mara moja tu niliikata peke yangu kwa mkasi wa kitambaa. Aliandika ripoti ya ukurasa mzima, yenye kichwa cha habari, na akanitaka nitie sahihi. Nilitia. Nilipokea na nakala.

5. Lalamiko hili nimeliondoa. Binti yangu, ambaye ndiye anayenisahihishia barua hii, anasema si adabu kumwandikia kiongozi mambo kama hayo, na kwamba hakutaka kuyasoma.

6. Bandari mbili ndani ya ua mmoja. Ndugu Mkurugenzi, hapa nakuomba usome mara mbili, kwa sababu hapa ndipo nilipokuelewa.

Mume wangu alipoanza kuja mchana, chakula kilikuwa kwangu, kama ilivyo kawaida ya watu waliooana. Siku moja nilichelewa, nilikuwa na magauni ishirini ya shule. Akasimama mlangoni, akatazama saa, akageuka na kwenda kula kwa mama yake. Hakukasirika, la. Alisema ni kawaida tu: gati likijaa, meli hupelekwa bandari nyingine.

Mama mkwe wangu ni mwanamke wa makamo yaliyopitiliza, anatembea na fimbo, na kwa miaka yote hiyo tuliishi kama chanda na pete. Lakini mzigo ule ulipoingia jikoni kwake mara moja, akauonja utamu wa biashara. Tatizo lake lilikuwa moja. Kutoka getini hadi mlangoni kwangu ni hatua thelathini. Hadi kwake ni arobaini na mbili, tena kuna tope. Unadhani alikaa akalia? Alimwita fundi, akatandaza njia ya matofali kutoka getini hadi jikoni kwake, imenyooka kama rula.

Nami nikaondoa banda la kuku lililokuwa njiani kwangu. Hatua zikawa ishirini na tatu. Yeye akatundika turubai juu ya njia yake, mzigo usinyeshewe. Mimi nikasogeza chakula cha mchana kutoka saa saba hadi saa sita na nusu. Yeye akaweka saa sita. Mimi sita kasorobo. Sasa hivi, Ndugu Mkurugenzi, majiko yote mawili yanaivisha saa nne asubuhi, na mzigo wenyewe unafika saa saba ileile, kwa hiyo unakuta pande zote pamepoa. Tena amelegeza masharti, huyo mama: kwake mtu hanawi mikono, wala haulizwi siku yake imekwendaje. Nitashindana vipi na bandari isiyokagua?

Na mume wangu, kwa kuwa hapendi kumuudhi mtu, anakula kote kuwili.

Sasa nakuuliza wewe uliyesomea mambo haya. Nyinyi wawili mlipopanua barabara na kutandaza reli, mlihesabu mizigo kwanza? Maana sisi huku tuna njia mbili nzuri, majiko mawili yanayowaka, wanawake wawili wasiosalimiana vizuri, na mzigo ni uleule mmoja.

7. Nasema ni uleule, lakini umeongezeka kilo kumi na mbili. Suruali zake nimezifungua mshono mara tatu, na kile kitambaa cha akiba kinachoachwa ndani kimekwisha. Yule bwana wa mizani ya bandari kavu alimtania kwamba siku hizi wamshushe dereva kwanza ndipo wapime kontena. Mume wangu alicheka siku nzima. Mimi sikucheka, maana nguo za kuongezea ni mimi ninayezishona.

8. Habari zimekwisha. Zamani siku yake ya tatu ilikuwa sikukuu yangu. Nilikuwa naacha cherehani, nakaa kitako, ananisimulia madaraja yaliyobebwa na maji, lori lililopinduka na shehena ya vioo na kisivunjike hata kimoja, askari wa kizuizini aliyemwomba amsaidie kumwandikia mchumba barua. Sasa anakwenda kilomita kumi na moja na bado anataka kusimulia. Juzi alinisimulia taa za barabarani, moja baada ya nyingine, ipi ilikuwa nyekundu. Nilimsikiliza. Nilipoinua macho nikamwona ananitazama kama mtu anayetafuta mfukoni kitu alichokuwa nacho asubuhi.

Na hapa, kwa kuwa umesema tusisite, nitasema lililo moyoni. Ninaogopa. Ninaogopa kwamba sisi tulishikiliwa na zile siku nne tu, kama vazi lililopigwa bandi, uzi wa kushikizia tu, na halijapita cherehani. Vazi la namna hiyo likining'inia linapendeza sana. Livae sasa uinue mkono. Tukikaa pamoja kila siku, kila mlo, itakuwaje tukigundua kwamba hakuna mshono? Mtu mwenye akili halivuti vazi la namna hiyo ili kujaribu. Analitundika mahali pake na kulitazama kwa mbali.

Kwa sababu hizo nane, ambazo ni saba, naomba yafuatayo:

(a) Lipotezwe faili moja kila mwezi. Moja tu. Liwe la kontena ambalo haliwezi kupanda treni mpaka dereva mtulivu, asiyepita watu, ashuke pwani kulitafuta.

(b) Foleni ya getini irudishwe, angalau ya siku sita. Kama malori ya kweli yameadimika, yapangwe hata mabovu.

(c) Ikiwa (a) na (b) zitaonekana ngumu kwa sababu ya ushindani, basi bandari kavu isogezwe mbali na mji wetu. Mwendo wa siku mbili na nusu kila upande utanitosha. Na kama reli haipindiki, isogezwe bahari.

Nimalizie na onyo, ingawa natoka katika familia ya watu wapole. Nikikosa majibu ndani ya wiki mbili, nitauhamisha mzigo wangu. Bandari ile nyingine haina reli. Barabara yake waliipanua, kisha wakaichimba tena, na nasikia getini kwao sasa foleni ni ya kutosha. Wakala wao ni mteja wangu wa mapazia. Neno moja tu, na mume wangu atakuwa safari ndefu kwa jina la mshindani wako. Usije ukasema hukuambiwa.

Nisalimie makarani wote wa gatini, waendesha kreni, na walinzi wa geti. Msalimie kwa namna ya pekee yule bwana aliyekuwa akipoteza mafaili, popote alipohamishiwa. Mwambie kuna nyumba moja bara inamkumbuka kwa wema. Msalimie mkeo, na ukipenda muulize, kwa utaratibu, wewe unarudi nyumbani saa ngapi na yeye anaonaje.

Ni mimi, mteja wako nisiye na mzigo mwingine,

Fundi cherehani, mke wa Taratibu,
Nyumba ya kulia, nyuma ya uwanja wa mpira.

Nakala: Bandari ile nyingine, kwa taarifa na kujiandaa.

NYONGEZA, siku kumi na nane baadaye.

Ndugu Mkurugenzi, barua hii haikupelekwa posta. Ilikaa chini ya cherehani, na nitakwambia sababu.

Ile siku niliyomaliza kuiandika, wakala wa bandari ile nyingine alikuja kuchukua mapazia yake. Sikungoja wiki mbili. Nikamtupia neno. Kesho yake mume wangu akaitwa, akapewa safari, kontena la vipuri, kushuka na kupanda. Aliporudi kuniambia alikuwa anajaribu kutofurahi, nami nilikuwa najaribu kutofurahi, tukashindwa wote wawili. Nilimfungashia nguo huku naimba.

Siku mbili za kwanza nilishona kama moto. Hakuna teke, hakuna daftari, hakuna taa nyekundu. Siku ya tatu nikasikia nyumba. Sijui kama umewahi kuisikia nyumba yako. Nikajikuta nimeamka, nimetoka nje, na kabla ya kuosha uso nimeizunguka. Kona ya nyuma, ile ya jikoni, ukipiga teke inatoa sauti ya utupu. Kuna ufa, tena si mdogo. Alikuwa akitikisa kichwa kila siku mahali hapo na sikuwahi kumuuliza kwa nini.

Nikaenda kuoga. Mlangoni mwa bafu alikuwa amefuta zamu zote kabla ya kuondoka, akaandika moja tu. Namba moja, mimi. Sikuoga siku hiyo nisije nikainyunyizia maji chaki. Binti yangu ananiambia nimekuwa kituko, na mwenyewe nimemkuta anapita mlango ule kwa ubavu.

Mama mkwe naye alipika siku tatu, akakaa mlangoni mwisho wa matofali yake anatazama geti. Siku ya nne akaja kwangu na sufuria, kwa njia yake mwenyewe mpaka getini, kisha kwa njia yangu mpaka mlangoni, hatua zote sitini na tano kwa fimbo. Akasema jiko lake limepoa. Nikamwambia langu pia. Tumekula pamoja tangu siku hiyo, na tulipomaliza kumteta mwanawe, tukaanza kukutetea wewe. Unaonekana mtu mzuri kwenye ile picha.

Sasa sikiliza. Safari ilikuwa ya siku kumi. Leo ni ya kumi na saba. Amepiga simu mara moja, amesema foleni ya getini kwao ni ya kilomita saba na faili lake halionekani. Hilo la faili nilikuwa nimeliomba mimi, kwa mkono wangu, ila nililiomba kwako. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, kwa hiyo sikuombi pole. Nakuomba hivi: futa (a), futa (b), futa (c), na bahari iache hapo ilipo. Yafute malalamiko yote. Namba tano haikuwa lalamiko tangu mwanzo. Washinde hao watu, Ndugu Mkurugenzi. Wanyang'anye hata hicho kipande cha mzigo walichobakiwa nacho, ongeza mabehewa, kama unahitaji mtu wa kubandika matangazo niko tayari na gundi ninayo.

Na jambo la mwisho, dogo. Asubuhi aliyoondoka, tulisimama mbele ya kabati la sukari kama kawaida, akasoma namba, nikathibitisha, akakata, nikapima, akafunga sili mpya. Halafu akaenda zake. Sidhani kama aliwaza. Ni mazoea ya kazi. Mkasi ninao, tena mkali, upo hapa mezani ninapoandika. Mama mkwe amenichochea mara mbili niutumie, kisha jana akaacha, akakivuta kikombe chake akanywa. Siku ya kumi na saba leo tunakunywa chai bila sukari. Nilikuwa nadhani haitanyweka. Inanyweka. Fanya haraka, ndugu yangu, nataka nimwambie.